Pacha Isiyokosea

Mwalimu Eliakunda Mrutu hakuwa na shahada. Hakuwa na maabara yenye mabomba, wala hadubini ambayo lenzi zake zote zilikuwa mahali pake. Hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilibaki ndani ya pampu ya kisima zamani zile alipokuwa fundi, kabla hajaingia ualimu akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane. Hakuwa na kompyuta arobaini za wanafunzi arobaini. Alikuwa na vishikwambi vitatu, na kimoja kilikataa kuguswa upande wa kulia. Hakuwa na subira na mwanafunzi anayekariri. Zaidi ya yote, hakuwa na ulimi wa kumpinga baba mkwe wake. Kule kwao, katika milima ya Upare, mkwe hapingwi, na Mwalimu Eliakunda, pamoja na miaka yake kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi hata kumwambia mzee yule kwamba chai imepoa.

Alichokuwa nacho asubuhi ile ya Alhamisi ni ujumbe wa mistari minne kutoka Tume ya Vielelezo. Aliusoma mara mbili akiwa amesimama, mara ya tatu akiwa amekaa, kisha akatoka ofisini karibu akimbie.

Kidato cha Tatu walikuwa uwanjani, nyuma ya darasa, na bakuli kubwa la maharage katikati yao.

“Pacha yetu imepita,” alisema. “Jumatatu saa mbili asubuhi inaunganishwa na lango la ndiva.”

Walimtazama kwanza, kama watu waliosikia jina lao likiitwa mahali wasipotarajia. Halafu kelele zikapanda mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani. Heriel, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, aliweka chini konzi yake ya maharage.

“Kwa hiyo mwalimu, kuanzia Jumatatu mimi nikikosea hesabu, shangazi yangu hapati maji.”

“Ndiyo maana hutakosea.”

“Shangazi anayajua matokeo yangu ya Hisabati. Atahama.”

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili sitini na nane, na sheria ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila shule ya sekondari nchini ilijenga pacha ya maji ya mahali pake na kuitunza, ndani ya vipindi vya sayansi. Pacha ilikuwa kielelezo kilichokaa ndani ya kompyuta: kijiji kizima kimegeuzwa kuwa kanuni, mto wake, mashamba yake, na jua lake linalokunywa bila kuomba. Shule iliyotabiri maji yake kwa siku thelathini mfululizo, isitofautiane na kipimo kwa zaidi ya pingili moja, ilipewa lango. Tangu siku hiyo lango lilifunguka na kufungwa kwa amri ya pacha, na majina ya wanafunzi walioijenga yalichongwa kwenye jiwe pembeni mwa maji. Tena kila mmoja wao alipata nafasi katika Chuo cha Vielelezo bila mtihani.

Hapo Mtiro maji hulala kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu juu ya kijiji. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi linafunguliwa, na mashamba yanapokezana zamu. Ndani yake umesimama mwanzi, na kina cha maji husomwa kwa pingili zake: pingili nne, pingili sita. Serikali ilileta vihisi vya kisasa mwaka wa kwanza. Matope yakaviziba kabla ya mavuno, na Tume ikakubali kwamba jicho la mtu wa mahali pale litatosha. Jicho lenyewe lilikuwa la Mzee Mbonea Senkoro, mlinzi wa ndiva kwa miaka arobaini na minne, na baba mkwe wa Mwalimu Eliakunda.

“Haya, rudini kazini,” alisema mwalimu. “Lango bado ni la Jumatatu. Leo ni maharage.”

Ndivyo alivyoanza kila mada, kabla mtu hajagusa kishikwambi. Wanafunzi sita walikuwa mashamba, mmoja alikuwa mto, mwingine jua. Bakuli lilikuwa ndiva. Ubaoni waliandika hatua zao, moja baada ya nyingine: chukua maji ya jana, ongeza yaliyoingia usiku, ondoa yaliyokwenda shambani, ondoa ya jua, kama udongo bado una unyevu, ruka shamba hilo. Yasiyohusika waliyafuta. Jina la mwenye shamba lilifutwa, rangi ya ng’ombe wake ilifutwa, mteremko wa shamba ukabaki.

“Mkiweza kuicheza kwa maharage,” alipenda kuwaambia, “mashine itawafuata. Msipoweza, mashine itawadanganya, tena upesi kuliko mtu.”

Siku ile jua lilikuwa ni Heriel, naye alipita akinyang’anya maharage kwa bidii hata mashamba mawili yakamlalamikia. Lakini mto haukutiririka. Mto alikuwa Navoneiwa, binti mwembamba wa mstari wa nyuma, mwenye mazoea ya kuuliza swali baada ya wenzake kufunga madaftari. Alisimama na maharage yake mkononi, macho yako mbali.

Kengele ilipolia, alibaki.

“Mwalimu, kuna siku nilikosea.”

“Siku gani?”

“Ya kumi na saba. Usiku wake ilinyesha mvua kubwa, ile iliyong’oa bati la jiko. Zamu ya kuingiza mvua kwenye pacha ilikuwa yangu, nikasahau. Pacha ikapiga hesabu kama hakukunyesha. Ikasema tano.”

“Na babu wa ndiva akasoma ngapi?”

“Tano.”

Mwalimu Eliakunda alifungua mdomo kumwambia si neno, kosa dogo, na tena halikuharibu kitu. Akaufunga. Alihisi nywele za shingoni zikisimama, vile vile zilivyosimama zamani alipoweka sikio kwenye bomba na kusikia maji mahali ambapo ramani ilisema hakuna.

“Mvua ile,” alisema polepole, “ingetosha kupandisha pingili mbili.”

“Nimepiga hesabu. Mbili na robo.”

“Kwa hiyo pacha ilikosea.”

“Ilikosea, mwalimu. Na kipimo kikakosea pamoja nayo, kiasi kile kile, siku ile ile.” Alimtolea daftari. “Nikarudi kuangalia siku zote thelathini. Hatujatofautiana na mwanzi hata nusu pingili. Hata siku moja. Kitu gani duniani hakikosei hata siku moja?”

Mwalimu alilishika lile daftari kwa mkono wake wa vidole vitatu. Kulikuwa na hofu ndani yake, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Miaka kumi na mitano alikuwa akisubiri mwanafunzi atakayetilia shaka jibu lililo sahihi.

*

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alipanda ndivani pamoja na Navoneiwa, wakasimama kando ya ukuta wa mawe. Zamu ya kuandika wiki ile ilikuwa ya Heriel. Mzee Mbonea alikuwa amekwisha kufika, koti lake zito limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo, babu. Shangazi anakusalimu. Shuleni tumepita, Jumatatu tunaunganishwa.”

“Nimesikia. Mmetutoa kimasomaso. Na pacha yenu imelala na habari gani?”

“Inasema sita, babu.”

Mzee aliugeuzia uso mwanzi, akatulia kidogo, akaitikia kwa kichwa.

“Basi andika sita.”

Heriel akaandika sita.

Kutoka pale ukutani Mwalimu Eliakunda aliuona mwanzi waziwazi, maji yamekaa chini ya pingili ya nne. Hata mtu aliyepita njia angeliona hilo. Alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi. Mzee akavuta lango, maji yakaanza kushuka mferejini, na wale watatu wakateremka kuelekea shuleni mpaka kwenye mashamba ya kahawa.

“Heriel,” mwalimu aliuliza, “wewe uliona ngapi?”

“Nne, mwalimu.”

“Na jana?”

“Nne. Juzi nne na kitu.”

“Ukaandika sita.”

Kijana alimtazama kama anayeulizwa kwa nini havai kofia kanisani. “Mwalimu, babu amesema sita. Mimi ni nani nimwambie mtu wa umri ule kwamba si sita? Tena mbele ya maji yake?”

Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama pale na miaka yake yote, akanyamaza. Sasa ukweli wote ulikuwa wazi mbele yake, na ulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Mtu akifika kwa mzee huanza kwa salamu, kisha hutoa habari, ndipo huuliza. Watoto walikuwa wamelelewa vizuri. Kila asubuhi walitoa habari ya pacha kabla ya kuomba kipimo, na kila asubuhi walirudishiwa habari yao wenyewe. Kwa mwezi mzima pacha ilikuwa inajipima kwa pacha.

*

Kipindi cha tatu alifunga mlango wa darasa, jambo asilolifanya kamwe, akawaeleza wote. Kisha akaandika ubaoni mambo matatu.

Pingili moja ni saa moja na nusu ya lango. Pacha ikisema sita, lango litakaa wazi saa tisa. Maji ya pingili nne yanakwisha kwa saa sita.

“Saa tatu zilizobaki lango liko wazi na ndiva ni tupu,” alisema. “Jua linapiga matope ya chini. Matope yakikauka yanapasuka.”

Hakuhitaji kumaliza. Kila mtoto wa Mtiro anajua kwamba ndiva iliyopasuka haishiki tena maji.

“Tuirekebishe,” alisema Heriel. “Leo hii. Kijito kimepungua, sisi tumetumia vipimo vya karatasi za zamani. Tupunguze yanayoingia usiku, pacha itasema nne, mwanzi utasema nne, Jumatatu lango litafungwa kwa wakati. Maji yatapona, babu atapona, na sisi majina yetu yatachongwa. Nani ameumia?”

Darasa lilimtazama mwalimu, na mwalimu alitazama kishikwambi. Namba moja tu. Angeibadilisha kwa kidole kimoja, navyo bado alikuwa navyo vinane. Asingelazimika kwenda kwa mkwe wake. Asingelazimika kumwona Navoneiwa, mtoto aliyestahili chuo kile kuliko wote aliowafundisha, akibaki kijijini. Maana sheria ilikuwa wazi pia kwa hili: shule inayojitoa hungoja miaka miwili. Darasa hili litakuwa limekwisha kuondoka.

Kidole chake kilifika juu ya kioo kikakaa hapo.

“Jumanne shule kumi na moja za milimani zinanakili pacha yetu,” alisema Navoneiwa kutoka nyuma. “Imo kwenye ujumbe wa Tume, mstari wa nne. Watanakili kanuni, na watanakili namna tulivyopima. Watamwamkia mlinzi wao, watampa habari, halafu watamuuliza.”

Alimgeukia Heriel.

“Namba tunaweza kuirekebisha hapa, Heriel. Kule kwao nani atairekebisha?”

Heriel alijikuna kisogo kwa muda mrefu. “Jiwe lenyewe ni dogo,” alisema hatimaye. “Jina langu la ukoo lisingeenea.”

Mwalimu Eliakunda akaondoa kidole.

*

Jumamosi saa nne alimkuta Mzee Mbonea barazani, anamenya muwa kwa kisu, maganda yanaanguka mahali pamoja.

“Umevaa viatu vya kazi siku ya mapumziko,” mzee alisema kabla hajageuka. “Kuna aliyekufa?”

“Hakuna, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Kaa. Mtu akitembea hivyo amebeba neno. Binti yangu amekushinda?”

“Amenishinda tangu mwaka wa kwanza, baba. Si hilo.”

Mzee alicheka kwa pua, akamkatia kipande cha muwa. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, na hakujua akiweke wapi. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri njia nzima. Yote yalimtoka.

“Baba, jana mwanzi ulikuwa nne.”

Kisu hakikusimama. Ganda moja likaanguka, na la pili.

“Nne kasoro,” alisema Mzee Mbonea.

Mwalimu aliinua uso.

“Macho yalianza kuniaga mwaka juzi. Mwanzi siuoni, naona moshi. Lakini kijito kikianguka ndani ya ndiva kinasema. Maji yakiwa chini kinaanguka kwa kishindo. Yakipanda, kishindo kinapungua. Zikifika pingili nane, kinanong’ona tu. Miaka arobaini na minne nasikiliza, mwanangu. Jicho nilikuwa nalitumia kwa adabu.”

“Kwa nini basi ulisema sita?”

“Watoto walikuja wamefurahi. Wakaniamkia vizuri, wakanipa habari yao. Niwavunje moyo asubuhi yote ile? Nikawaachia sita yao, nikafunga lango kwa nne yangu. Kuna shamba lililokauka?”

“Hakuna.”

“Basi.”

“Jumatatu lango halifungwi na wewe, baba. Linafungwa na pacha.”

Hapo kisu kilisimama.

“Haisikilizi?”

“Haina masikio. Ina namba tulizoipa tu.”

“Kitu kimetoka serikalini,” mzee alisema, “mtu unadhani kimekuja na viungo vyote.” Akaweka muwa chini. “Nilikuwa na miaka kumi na mitano ndiva ilipopasuka. Miezi saba tulibeba udongo vichwani. Mama yangu alibeba akiwa na mimba. Sasa sema unachotaka.”

“Lazima tuandike barua ya kujitoa. Tume wanadai kujua nani alisoma kipimo. Naweza kuandika ‘mlinzi wa ndiva’ tu, bila jina.”

“Halafu watu watasema ni mtoto aliyekosea.” Mzee aliinuka, akatafuta fimbo kwa mguu. “Nina majina matatu. Yaandike yote.”

Mwalimu Eliakunda alipaswa kushukuru na kuondoka. Lakini tangu lile neno kishindo kitu kilikuwa kikimruka ndani ya kifua, na hakuweza tena kukizuia.

“Baba, huko kusikiliza. Mtoto anaweza kufundishwa?”

*

Saa saba mchana Kidato cha Tatu chote kilikuwa ndivani, na hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa siku ya mapumziko. Lango lilikuwa halijafunguliwa tangu jana. Mzee Mbonea alikaa juu ya jiwe, mgongo kwa maji. Kishikwambi kizima kilifungwa kwenye mti, kinarekodi kijito. Navoneiwa alisimama peke yake mbele ya mwanzi.

“Safari hii,” alisema mwalimu, “hakuna anayempa babu habari. Hata salamu tumemaliza nyumbani. Babu anamnong’oneza Heriel, Heriel anaandika. Navoneiwa anasoma mwanzi, anaandika kwake. Karatasi zinafunguliwa mwisho.”

Walifungua lango, wakafunga, wakasikiliza, wakafungua tena. Mara tano. Maji yalishuka, na kishindo kikakua, mpaka mtu asiyejua kitu aliweza kukisikia kikikua. Kisha karatasi zikawekwa pamoja juu ya ukuta na vichwa arobaini vikainama.

Mzee: nne, tatu na nusu, tatu, mbili, moja na nusu.

Mwanzi: nne, tatu na robo, tatu, mbili na robo, moja na nusu.

“Amekosea,” alisema Navoneiwa, na uso wake wote ulikuwa unang’aa. “Mwalimu, amekosea mara mbili. Robo, na robo.”

“Ndiyo,” alisema Mwalimu Eliakunda. “Hicho sasa ni kipimo.”

Tayari wawili walikuwa wamekifungua kishikwambi wakichora nguvu ya sauti kwenye mhimili mmoja, pingili kwenye mwingine, na nukta zikateremka kwa mstari ambao wangeweza kuuandika kwa kanuni. Pacha ingepata sikio. Kazi ya mwezi, labda miwili, na wao wasingechongwa popote kwa ajili yake. Walikuwa wakigombania kalamu.

“Huyo wa kwanza kushika kalamu,” aliuliza mzee bila kugeuka, “ni mtoto wa nani? Ana pupa nzuri.”

Barua iliandikwa pale pale juu ya ukuta. Tume haikupokea kwa mtandao neno lolote la kusimamisha mashine, tangu mwaka ule ujumbe wa kughushi ulipofunga malango ya wilaya nzima. Ilitaka karatasi, wino wa mkono na nta. Navoneiwa aliandika, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka.

*Sisi wa Kidato cha Tatu, Mtiro, tunaitoa pacha yetu. Haikupimwa, ilikubaliwa. Tulimpa mpimaji jibu kabla ya kumuuliza swali, na tulichokiona kwa macho yetu hatukukiandika. Aliyesoma ni Mbonea Elifuraha Senkoro, ambaye haoni vizuri. Aliyefundisha ni Eliakunda Mrutu, ambaye anaona vizuri na alinyamaza. Tunaomba shule kumi na moja zisinakili. Tumeambatanisha namna mpya ya kupima, na makosa yake.*

Walitia sahihi arobaini. Heriel aliandika jina lake la ukoo kwa herufi kubwa, likavuka ukingo wa karatasi. Mwalimu akakunja barua, akayeyusha nta kwa kiberiti, na Mzee Mbonea akaitafuta kwa kidole na kuikandamiza kwa gumba mpaka ikapoa.

Kipanga cha posta, ile ndege ndogo isiyo na rubani, kilitua kando ya ndiva saa kumi na mbili kamili jioni, mabawa yake mafupi yakivuma. Navoneiwa ndiye aliyeiingiza barua tumboni mwake na kufunga mlango. Kikapanda, kikapinda kuelekea bondeni, na wanafunzi wakakifuata kwa macho mpaka kikapotea.

“Kimekwenda,” alisema Heriel.

“Bado,” alisema mzee, kichwa kimeinama upande. Pamoja naye waliingoja ile sauti ya mabawa iishe. “Sasa.”